Fundi wa Mashine ya Tatu Ametoka Kidogo

3 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Huku wazima, ukiacha kwamba Baba hanisemeshi tangu juzi, na kosa langu ni kumuuliza bei ya bima.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu iko ofisini, na ofisi yenyewe ni kibanda cha mbao ndani ya karakana. Kila neno linalosemwa humo linafika mpaka kwenye mashine za kukereza chuma. Baba masikio yake aliyaacha kwenye chuma zamani, hilo unalijua, lakini neno “bima” analisikia hata likinong’onwa.

Mambo yako hivi. Kampuni ya bima imepandisha ada. Haikupandisha kidogo kama kila mwaka. Safari hii wamepanda na ngazi na kuondoka nayo. Nikamwambia Baba tuiache, tumekaa miaka yote bila moto wala mtu kuumia. Kesho yake kiwanda cha unga kikatuma ujumbe: kuanzia Julai hakuna fundi atakayewafanyia kazi bila cheti cha bima. Shafti za kiwanda kile, vile vyuma virefu vinavyozungusha mitambo yao, ndizo nusu ya riziki yetu. Zikilika tunazikereza upya, zikivunjika tunatengeneza nyingine. Kwa hiyo tukilipa ada hiyo, simudu mshahara wa Mrefu, kijana wetu wa kuchomelea. Tusipolipa, kiwanda kinatuacha, na hapo simudu mshahara wa mtu yeyote. Mkataba wa sasa unaisha mwishoni mwa Juni.

Mambo ya bima Baba huyafanya mwenyewe na wakala. Kila mwaka wakala anakuja na tabasamu lake, anauliza, “Mzee, tuseme nini mwaka huu?” Baba anajibu, “Kama mwaka jana.” Wanapeana mikono, basi. Mimi naambiwa tu ni kiasi gani kitoke.

Juzi nilimvizia wakala getini. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Dada, wengine husema wana mafundi wawili tu. Wengine huandika duka la vipuri, sio karakana. Nani atakuja kuangalia?” Nilitamani kukubali, sikufichi.

Wewe ulikaa miaka mingi kwenye ofisi ya usalama ya kile kiwanda cha lifti huko ugenini. Niambie tunapunguzaje hii ada kwa njia ambayo nikilala nalala. Na tafadhali usimwambie Baba kwamba nimekuandikia.

Mwanao,
Karani Asiyesemeshwa


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, na koti bado mwilini, kwa sababu sanduku la barua liko chini na sikuweza kungoja kupanda ngazi zote. Kisha nikaisoma tena nimekaa. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa matofali, na msomaji asiye na cha kutazama nje husoma vizuri.

Kwanza, wakala. Usimfuate. Anayekushauri udanganye atapata kamisheni yake leo, na siku kijana wa kuchomelea akiungua mkono, kampuni itakuja na darubini. Watasema hapa ni duka la vipuri, aliungua na nini? Hawatalipa hata senti, na ada zote ulizotoa zitakuwa sadaka. Nimewaona watu wazima wakilia ofisini kwangu kwa jambo hilo hilo.

Sasa yale ya kweli. Kampuni haipandishi ada kwa chuki. Inapandisha kwa sababu haiwajui, na asiyekujua hukudhania mabaya. Waite waje kukagua. Ndiyo, nyinyi wenyewe muwaite. Kabla hawajafika, yatoe matambara yenye mafuta chini ya meza (nina hakika yapo, yalikuwepo tangu enzi zangu hapo) na uyatie kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Kazi ya kuchomelea ihamie nje, chini ya bati, mbali na petroli ya kusafishia. Mitungi ya kuzimia moto ijazwe na ifungwe kadi ya tarehe. Mikanda ya mashine iwekewe vifuniko. Baba yako atasema vifuniko vinamziba kusikia chuma. Mwambie hasikii hata bila vifuniko.

Hasara ndogo ndogo bebeni wenyewe. Waambie kampuni kwamba kioo kikivunjika au mota ya pampu ikiungua hamtawasumbua. Wao waje kwa moto, wizi mkubwa na mtu kuumia. Hapo ada hushuka sana. Lakini kinga ya wafanyakazi usiiguse, wala ile ya madhara kwa watu wengine. Shafti yenu ikivunjika ndani ya kiwanda cha unga na ikamjeruhi mtu, kesi hiyo ndiyo itakayowauzia mpaka kuta.

La mwisho ndilo rahisi kuliko yote, na watu hulisahau. Pita karakana nzima, toa kwenye bima kila kisichofanya kazi. Mashine iliyokufa, gari bovu nyuma ya ukuta, kompresa ya ukumbusho. Watu wengi wanalipia maiti.

Nakuandikia haya na pua yangu imejaa harufu ya yale mafuta meupe tuliyokuwa tunamwagia chuma kinapokerezwa. Hapa hawayauzi, au wanayauza na hayanuki vile. Nikija mwakani, Mungu akipenda, nitakagua mwenyewe.

Baba yako sitamwambia. Lakini msemeshe wewe. Yeye akinuna huwa anasubiri aanzwe.

Baba yako Mdogo


14 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Tumefanya yote. Yaani karibu yote, na hilo “karibu” ndilo limenifanya nichelewe kukujibu. Nimekaa na hii kalamu siku kadhaa sijui nianzie wapi, basi naanzia kwa mkaguzi.

Mkaguzi alikuja Jumanne asubuhi, mwanamke mmoja mpole, viatu vya kazi, hana haraka. Karakana ilikuwa inang’aa. Mrefu alikuwa nje chini ya bati lake jipya, anachomelea kama anapigwa picha. Bosi alikuwa kwenye mashine ya pili, na kifuniko cha mkanda kiko mahali pake. (Bosi ni fundi wetu mwingine. Jina hilo alipewa kwa sababu habishani na mtu yeyote.) Baba alikuwa kwenye mashine ya kwanza, amevaa shati safi, amenuna. Mama mkaguzi anaandika, anatikisa kichwa kwa kuridhika, mimi moyoni nashangilia.

Akafika kwenye ile kona ya nyuma yenye turubai.

Baba Mdogo, ile kona nimekua nayo. Utotoni nilikuwa nachapwa nikiikalia. Sisi tunaiita “ya tatu”, na nilidhani ni mashine ya spea, vyuma vya kuchomoa siku moja. Mama mkaguzi akainua turubai. Chini yake mashine nzima, imepakwa grisi, haina kutu hata ya ukucha. Akasema, “Hii iko kwenye bima kwa bei kamili, pamoja na fundi wake. Fundi mwenyewe yuko wapi?”

Baba, bila kugeuka: “Ametoka kidogo.”

“Basi nitamsubiri,” akasema mama wa watu. Akavuta stuli, akakaa!

Nilimpa chai. Alikunywa. Akaniuliza habari za watoto, nikamwambia sina. Bosi akapita kuchukua spana ambayo haikuwepo pale, akapita tena kuirudisha. Jua likahama upande wa pili wa dirisha. Mwishowe mkaguzi akamfuata Baba. “Mzee, huyu fundi kaenda mbali?”

“Kidogo,” Baba akasema.

“Anarudi leo?”

“Leo sidhani.”

Alipoondoka nilizima umeme wa karakana nzima ili tusikilizane. Nikamwambia, “Baba, nani ametoka kidogo?” Akanitazama kama mtu anayeuliza jua ni nini. “Baba yako mdogo. Mashine yake hiyo.”

Ndiyo hivyo. Miaka yote tumekulipia. Wewe ni mfanyakazi wetu, una kinga ya ajali kazini, vidole, macho, kila kitu. Wakala nilipomweleza alicheka mpaka akaegemea ukuta. “Nimeona watu wanaoficha wafanyakazi,” akasema. “Anayeongeza sijawahi kumwona.”

Kampuni haicheki. Wamesema mambo mengine yote ni mazuri, ada itashuka, lakini hawataandika mkataba mpya wenye fundi ambaye hajulikani alipo. Ama wamwone anafanya kazi, ama Baba atie sahihi kwamba mashine ile na fundi wake wanatoka kwenye bima. Nimempelekea kalamu mara tatu. Mara ya tatu aliichukua akaitia mfukoni mwake, akaendelea na kazi.

Wewe uliniambia nitoe kila kisichofanya kazi. Sikujua kwamba unajisema. Sasa nifanyeje?

Mwanao,
Karani


30 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Binti yako aliniomba nisikuambie kwamba tunaandikiana, nami nimevunja ahadi hiyo, kwa hiyo kama kuna wa kunung’unikiwa ni mimi. Mtoto anajaribu kuiokoa karakana, na anajaribu vizuri.

Nimeambiwa mashine yangu ipo. Kaka, mimi nilikuandikia uiuze mwaka ule wa pili wa kuondoka kwangu, paa lilipokuwa linavuja, na wewe ukanijibu imeuzwa na paa limezibwa. Nilifurahi. Nilikaa nikiwaza iko kwa nani, kama wanaijua ile tabia yake ya kutetemeka ukiianzisha kwa kasi. Kumbe wakati wote huo ilikuwa hapo hapo kwenye kona yake.

Sikuulizi kwa nini. Nakuomba jambo moja tu: tia sahihi. Fanya hesabu kama fundi, usifanye kama ndugu. Mashine isiyogeuka inakula mshahara wa kijana anayechomelea. Bima, Kaka, ni ya kitu ambacho kikipotea utakwenda kununua kingine. Ile ikipotea utanunua nyingine ya nini? Iuze sasa, kama bado mtu anaitaka, au uza chuma chake kwa kilo.

Mimi sijambo. Baridi imeanza kuondoka. Nikija mwakani tutayacheka haya.

Mdogo wako


17 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Unaandika vizuri siku hizi. Zamani ulikuwa unaandika kama unavunja mawe.

Uliniambia niuze mashine. Nikauza. Nilijiuzia mwenyewe. Paa nililiziba kwa pesa ya pikipiki. Nilikujibu imeuzwa kwa sababu ulikuwa unauliza kila barua, umeuza, umeuza, na mimi sikuwa na cha kukujibu. Nilipokujibu ukanyamaza, wote tukapata raha.

Kila mwisho wa mwezi nazungusha kwa mkono ili beringi zisishike. Grisi nabadilisha. Ukiwasha umeme leo inafanya kazi. Wewe unasema chuma kwa kilo! Umekaa na watu wa lifti mpaka umesahau kipi ni chuma na kipi ni mashine.

Habari ya bima umeieleza unavyoielewa wewe. Mimi ninavyoielewa, unalipia kitu unachotaka kiwepo kesho. Na fundi nilimlipia kwa akili zangu timamu. Wewe mwenyewe kila barua unasema unakuja mwakani. Haya, ungeshuka kwenye basi Jumatatu, Jumanne ukaingia kazini, kidole kikakatika. Nani angekutibu? Mimi? Kwa pesa ya nani? Mkono wako wa kushoto hukuwahi kuwa mwangalifu nao.

Sasa binti ananifuata na kalamu kama nesi na sindano. Mkaguzi anataka kumwona fundi. Hilo si jambo gumu. Andika tarehe unayokuja, nimwonyeshe barua yako asubiri, na mambo yaishe. Wamesema mwisho wa mwezi wa sita.

Tarehe tu. Usiandike mengi.

Kaka yako


29 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sirudi. Nimeliweka mwanzo ili usilitafute katikati ya maneno mengine.

Hakuna anayenizuia. Njia ya kurudi ilifunguka zamani, na watu wa rika langu walirudi, wengine nikawasindikiza na mizigo yao. Mimi kwanza nilisubiri karatasi za kusafiria. Karatasi zilipokuja nilikuwa na kazi. Kazi ilipoisha nilikuwa na mke mgonjwa, na sasa yeye amelala kwenye makaburi ya nyuma ya maktaba, mahali ambapo nafika kwa miguu. Jumamosi naazima vitabu, narudi kwa njia ya kwake. Najua mwenye duka gani ananikopesha na ngazi ipi ya jengo letu imelegea. Nimekuwa mwenyeji wa mahali ambapo hakuna anayeniita mwenyeji. Ndivyo ilivyotokea, bila siku moja ambayo ningeweza kukuonyesha nikasema, siku hiyo niliamua.

Na hata ningekuja, Kaka, fundi huyo hayupo. Mikono yangu inatetemeka. Yote miwili, usilaumu wa kushoto peke yake. Kikombe nakijaza nusu. Barua hii inanichukua asubuhi nzima kuiandika ili usione mistari ikiyumba. Ungeniweka mbele ya ile mashine ungenizimia umeme wewe mwenyewe kabla mkaguzi hajafungua mdomo.

Hilo neno “mwakani” lilikuwa kweli nilipoanza kuliandika. Baadaye likawa namna ya kufunga barua, kama wengine wanavyoweka “wasalaam” na kutia sahihi. Nilidhani unalisoma hivyo. Sikujua kwamba kuna mtu upande wa pili analipaka grisi.

Umenipa maana ya bima ambayo sikuikuta kwenye kitabu chochote, na nimesoma vingi kwa sababu ya kazi. Kulipia kitu unachotaka kiwepo kesho. Nimekaa nayo siku kadhaa. Nadhani uko sahihi, na ndiyo maana nakuomba. Unachotaka kiwepo kesho ni nini? Ni binti aliyejifunza kuendesha mahali hapo wakati sisi wawili tukitazama kwingine. Ni Bosi, na huyo kijana wa kuchomelea ambaye sijamwona. Walipie hao. Mimi umeshanilipia, Kaka. Kwa miaka yote hiyo kulikuwa na mahali duniani ambapo kidole changu kingetibiwa, nami sikujua. Sasa inatosha.

Tia sahihi. Mashine fanya utakavyo, ni yako, ulijiuzia.

Mdogo wako


16 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia haraka, kiwanda cha unga wameleta shafti mbili na wanazitaka jana.

Baba alipokea barua yako mwenyewe kwa mtu wa posta, akaisoma pale pale mlangoni, mashine yake inazunguka nyuma yake bila kitu. Hajawahi kuacha mashine izunguke hivyo. Akaikunja. Nikadhani atakuja ofisini. Akaenda kwenye kona, akavuta turubai, akaanza kulikunja, upande kwa upande, kama shuka. Bosi alitaka kumsaidia, Baba akamwambia, “Zima yako.” Mrefu naye akaingia kutoka nje, kinyago cha kuchomelea kiko kichwani.

Akaiwasha, Baba Mdogo. Ilitetemeka kwanza, kisha ikatulia ikaanza kuimba. Baba akafunga kipande cha nondo, nene kama mkono wangu, akaanza kukikereza. Anakwenda, anarudi, anakwenda, anarudi. Chuma kinapungua. Nikasogea nikamuuliza kwenye sikio lake lenye afadhali, “Unatengeneza nini?”

“Sitengenezi,” akasema. “Nakereza.”

Aliendelea mpaka nondo ikawa nyembamba kama penseli, kisha kama waya, kisha ikakatika, pakabaki chuma kilichojikunja sakafuni. Akazima. Akachukua ufagio mwenyewe, na ufagio mwenye mamlaka nao hapa ni Bosi. Alipomaliza kufagia akatoa kalamu yangu mfukoni, ile ile aliyoninyang’anya. “Lete,” akasema.

Amesaini. Mkaguzi alirudi wiki iliyopita, akaangalia, hakuuliza kitu, akampa Baba mkono. Ada mpya imekuja chini ya ile ya mwaka jana, sembuse ile waliyotaka kutupandishia. Sehemu kubwa ya punguzo imetokana na kona ile, lakini pipa la matambara nalo limo, na zile hasara ndogo tulizokubali kubeba. Cheti nimekipeleka kiwandani kwa mkono wangu. Mrefu yupo. Nilipomwambia kazi yake imesalimika alisema, “Kumbe ilikuwa inaumwa?” Hakuwa na habari!

Baba hanuni. Ila ameanza kuniuliza maswali ya ajabu, kwa mfano, huko kwako kuna baridi ya namna gani. Sijui anapanga nini. Namwona kabisa anapanga kitu.

Mwanao,
Karani


2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba ya ile barua. Sikuijibu mapema kwa sababu ulisema neno moja mwanzo, nikawa natafuta neno moja la kukujibu, sikulipata.

Mashine nimeitoa kwenye bima. Kwenye karakana sijaitoa. Ikiungua, imeungua, hakuna wa kutulipa, na mimi sitaki kulipwa. Utauliza, Bosi anaitumia kwa kazi za haraka? Hapana, usiogope, hakuna anayeigusa, mkaguzi ana maneno. Inakaa tu. Sasa inakaa bure, haili mshahara wa mtu.

Kuna jambo nimelifanya, naomba usianze kuniandikia kurasa. Ulisema hurudi. Sawa, nimesikia, na mimi sisikii mengi. Lakini hukusema mimi nisije. Nimesoma barua yako kutafuta kama umelikataza, sikuona. Kilichookolewa kwenye bima, nikiongeza na malipo ya shafti za kiwanda, binti anasema kinatosha nauli ya kwenda na kurudi. Pasipoti nimeipata. Picha yake nimetoka kama nimekamatwa.

Sasa sikia kichekesho. Ofisi ya safari wanasema mtu wa umri wangu haendi huko bila bima. Nikacheka pale kaunta mpaka yule mtoto wa kompyuta akaogopa. Binti, unajua alivyo sasa, akaanza kubana. Anapiga simu huku na huku, anauliza tukibeba wenyewe mzigo ukipotea itapungua kiasi gani, tukiacha meno, tukiacha macho. Nikampokonya simu. Nikamwambia hapa usibane. Weka meno, weka macho, weka mzigo, weka kila kitu wanachouza. Nataka nifike mzima.

Nakuja mwisho wa mwezi wa nane, tarehe atakuandikia yeye. Sikai sana. Nataka kuona dirisha lako na hayo makaburi ya nyuma ya maktaba, nimsalimie shemeji yangu ambaye sikumwona akiwa hai. Kikombe ukinijazia nusu itatosha.

Mimi nimekuwa mfupi, na nywele zimekwenda. Wewe picha ya mwisho uliyonitumia ulikuwa na nywele nyeusi, kwa hiyo sikujui. Pale uwanja wa ndege nasikia watu husimama mlangoni wameshika majina kwenye makaratasi. Usitume mtu na karatasi. Safari hii huna mpaka wa kuvuka wala karatasi za kusubiri. Ni mlango tu. Njoo mwenyewe.

Kaka yako